Kipande cha Tano cha Mpira wa Petroli

Mpendwa mshauri,

Jumapili tarehe kumi na nne mwezi huu, saa nne na dakika ishirini asubuhi, gari letu lilishika moto kando ya barabara na kuteketea lote kwa dakika kumi na moja, na ndani yake ikateketea mashine yangu ya kusaga lenzi, sanduku la lenzi za kupimia mia mbili sitini na sita, fremu mia tatu na arobaini, miwani thelathini na saba iliyokuwa njiani kwenda kwa wenyewe, na daftari la macho ya watu elfu moja mia tisa na kumi na wawili niliowapima mmoja mmoja kwa mkono wangu. Mtoto wetu wa miaka sita alitoka mzima. Naomba msaada wako, lakini tafadhali usinishauri habari za kulipwa, sikukuandikia kwa ajili ya kulipwa. Nimekuandikia kwa sababu Jumamosi hii, tarehe ishirini na saba, saa tatu asubuhi, gari jingine kama lile litatoka katika gereji ileile iliyotengeneza letu likiwa na wajukuu wawili ndani, na aliyewaelekeza wenye gari kwenye gereji hiyo ni mimi.

Nijieleze kidogo usije ukanidhania mtu wa kulialia. Nilianza kama mfagiaji katika duka la miwani, nikajifunza kusaga lenzi kwa kuchungulia tu huku nimeshika ufagio, nikaachiwa mashine mbovu waliyotaka kuitupa, nikaitengeneza, na mwaka wa kumi na saba sasa najitegemea. Sikurithi kitu kwa mtu. Mimi na mume wangu tulinunua lile gari la kulala ndani, yale mabasi madogo ya zamani yenye kitanda, sinki na jiko la gesi, injini iko nyuma kabisa chini ya kitanda, tukawa tunazunguka miji tisa kila baada ya siku ishirini na nane, yeye anaendesha, mimi napima macho, mtoto anachora. Gari lilikuwa na miaka arobaini na mitatu na mimi nina arobaini na mmoja, kwa hiyo mume wangu akalipa jina la Dada Mkubwa, na likigoma kuwaka asubuhi hulipigapiga usukani akisema, "Dada Mkubwa, shikamoo, amka basi, mdogo wako ana wagonjwa."

Fundi wetu ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu wa tumbo moja. Mtaa mzima unamwita Tayari, kwa sababu ukimuuliza lini, hujibu "tayari," ukimuuliza bado nini, hujibu "tayari," na mama mkwe wangu husema hata alipozaliwa hakusubiri mkunga. Sina ugomvi na mkono wake, mkono anao. Na ana tabia moja iliyowafanya watu wamwamini kuliko mafundi wengine: kila kitu kibovu anachokitoa kwenye gari lako anakiweka kwenye mfuko, anaufunga fundo, anaandika namba ya gari, anakukabidhi pamoja na kadi aliyoitia sahihi, ili uone kwamba alichosema amebadilisha amekibadilisha kweli. Watu wanaupenda mfuko ule. Wanautia kwenye buti wanaondoka wamefurahi, na sijawahi kumwona hata mmoja akiufungua.

Sasa sikiliza hesabu. Siku mia moja hamsini na tano kabla ya moto, Jumamosi, nilimpelekea Tayari gari ili abadilishe mipira inayopeleka petroli kutoka kwenye tangi hadi kwenye injini, kwa sababu nilikuwa nimesikia kwamba mipira ya magari haya ikizeeka hupasuka, na petroli ikidondokea injini yenye moto ndiyo basi tena. Sikungoja kuambiwa na mtu, nililifuatilia mwenyewe. Akaniambia kazi ile inataka siku tatu, nikamwambia shemeji, mimi nina watu thelathini wananisubiri mji wa pili, nimekupa kuanzia saa moja asubuhi, saa kumi jioni nataka gari langu, hayo ni masaa tisa, mtu akijipanga masaa tisa ni mengi. Saa kumi kamili akanikabidhi ufunguo, mfuko na kadi. Kwenye kadi aliandika kwa mkono wake: mipira yote ya petroli, mipya. Yote. Mfuko niliupeleka kwa mama yangu mzazi nikausukumia uvunguni, sikutaka uchafu ndani ya gari lenye lenzi.

Siku ya moto tulikuwa tunapanda mlima tukitoka mji wa tatu. Mtoto alikuwa nyuma juu ya kitanda anachora twiga, maana kule kuna joto na yeye anapenda joto. Tangu Ijumaa mume wangu alikuwa akisema anasikia harufu, mara tatu alisema, nami mara tatu nikamjibu kwamba ni spiriti yangu ya kusafishia lenzi, maana chupa ya lita tano ilikuwa palepale nyuma na kifuniko chake hakikazi vizuri, mara ya mwisho akasema, "Mama, hii si spiriti," nikamwambia wewe na pua yako, twende tumechelewa. Ghafla tukasikia mlio kama mtu amepasua mfuko wa karatasi, kwenye kioo cha pembeni nikaona moshi mweusi, mume wangu akakata kona akaegesha, akazima. Niliruka nikafungua mlango wa ubavuni, moto ulikuwa umeshachungulia pembeni ya godoro, nikamshika mtoto kifundo cha mguu nikamvuta kama mtu anayevuta gunia, akatoka na penseli mkononi. Mume wangu alikimbilia nyuma akafungua mlango wa injini wote, moto ukamrukia usoni, ukala nyusi na mkono wa kulia hadi kwenye kiwiko. Mtungi wa kuzimia moto tulikuwa nao. Ulikuwa umefungwa na skrubu nne nyuma kabisa, juu ya kitanda, ndani ya ule moto. Dereva wa lori akaja na mtungi wake, akaumwaga wote, moto ukazimika, ukawaka tena. Kisha akatupigia kelele, "Kuna gesi humo? Rudini nyuma! Rudini!" Tukarudi hatua themanini, nilizihesabu, sijui kwa nini nilizihesabu. Dakika ya saba jiko na mtungi wa gesi vikalipuka. Dakika ya kumi na moja hapakuwa na gari.

Mtu wa zimamoto aliyekuja baadaye alinionyesha mabaki akasema moto ulianzia upande wa tangi, nyuma ya ukuta wa bati, si upande wa injini. Neno hilo likanikaa kichwani. Nikaenda kwa mama, nikauvuta ule mfuko uvunguni, nikaufungua. Nikaenda kwa fundi mmoja mzee ambaye hanijui wala hamjui shemeji yangu, nikamwomba anichoree mpira wa petroli wa gari la aina ile unapita wapi na wapi. Akachora. Vipande ni vitano. Kwenye mfuko vilikuwamo vinne. Kinachokosekana ndicho kile cha upande wa tangi, na yule mzee akaniambia kile hakifikiki mpaka injini ishushwe, na kuishusha na kuirudisha, kwa fundi mmoja, si kazi ya siku moja.

Ningeweza kulia hapo nikamaliza. Lakini kabla ya haya, mwezi uliopita, nilimpima macho mwalimu mmoja mstaafu, akalisifia Dada Mkubwa, akaniambia yeye na mkewe wamepata gari kama lile, mkubwa wake kwa miaka miwili, wanataka kuwazungusha wajukuu likizo, je, ninamjua fundi wa kuaminika? Nikamtajia shemeji yangu. Nilimsifu hadi nikamweleza habari ya mfuko.

Jumatatu hii, jana, niliingia gereji. Gari la mwalimu liko pale, limeoshwa. Mfuko umefungwa fundo, umening'inizwa kwenye kioo. Kadi iko kwenye dashibodi: mipira yote, mipya. Nikauminya ule mfuko kwa nje. Vinne. Nikauminya tena. Vinne.

Tayari alikuwa chini ya gari jingine. Nikamwita akajivuta nje, uso umejaa grisi, anacheka.

"Shem, umekuja kukagua kazi? Karibu, tayari hiyo."

"Shemeji, injini ya hili uliishusha?"

"Ya nini kuishusha? Injini haina tatizo."

"Mpira wa upande wa tangi umeubadilisha vipi bila kushusha injini?"

Akajifuta mikono polepole sana. Akasema, "Shem, ule wa kule hauguswi na jua, haupigwi na mawe, haubanwi na kitu. Ule ni wa maisha. Mafundi wote hawaugusi."

"Wetu je?"

"Lenu liliungua kwa uzee, shem. Na kwa ile spiriti yako. Hebu usinifanye nikaongea."

Kisha akarudi chini ya gari. Miguu tu ndiyo ilikuwa nje, na nikaongea na miguu, nikaiambia mwalimu ana wajukuu wawili, wa miaka minane na mitano, na watalala kwenye kile kitanda. Nyundo ikaanza kugonga.

Nikamwambia mume wangu. Amekaa mkono umefungwa bendeji, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini ambayo siipendi, "Huyo ni mdogo wangu. Ukienda kumtaja kwa watu wa nje, ukamfungia gereji, usinihesabu." Nikamwambia nihesabu nini, wajukuu wa watu nao wasihesabiwe? Akageukia ukutani. Tangu jana hajaongea na mimi ila "pisha" na "maji."

Na jambo la mwisho ambalo linanikaba. Tangu gari liungue hatuna pa kulala. Tayari ndiye aliyetupokea. Ametupa chumba chake cha nyuma ya gereji, ametoa godoro lake mwenyewe, yeye analala kwenye kiti cha basi alichokitoa kwenye gari bovu, na kila asubuhi anamletea mtoto wangu chai kabla hata hajanawa. Barua hii naiandika juu ya godoro lake, na nasikia nyundo yake ukutani.

Nikisema, nampoteza mume, tunatolewa nje, na mama mkwe wangu anakula kwa mkono wa Tayari. Nikinyamaza, Jumamosi saa tatu mwalimu anawasha gari. Labda litaenda miaka kumi bila neno. Labda litafika mlimani tu.

Niende kwa mwalimu au nisiende? Usiniambie inategemea, usiniambie nitafakari, nimeshatafakari. Nataka jibu la neno moja kabla ya Ijumaa tarehe ishirini na sita, saa sita mchana.

Mama wa Miwani


JIBU

Nenda.

Hilo ndilo neno moja ulilotaka, na limetoka siku moja kabla ya saa uliyonipa, kwa hiyo huna cha kunidai. Yaliyobaki chini hapa hukuyaomba, lakini utayasoma.

Barua yako ilinifikia Jumatano asubuhi. Sikutaka kusubiri gazeti, nikaipiga namba uliyoniandikia. Mara ya kwanza haikupokelewa. Mara ya pili ikapokewa na mwanaume akasema, "Yuko nje, nitampa ujumbe, tayari." Nikakata. Ndiyo maana unayasoma haya hapa, mbele za watu. Nimegeuza maneno machache usitambulike. Tarehe na saa sikuzigusa.

Pole, mama. Nasema kwa moyo. Kumvuta mtoto mguu kutoka kwenye moto ni jambo ambalo mikono haitalisahau, na usishangae ukijikuta unahesabu hatua ovyo kwa miezi kadhaa. Hata huyo mumeo aliyegeukia ukutani amechomwa usoni akijaribu kuokoa kila mlichokuwa nacho. Nyote wawili bado mko barabarani pale. Mpelekeni mkono ule kwa daktari ukaangaliwe tena, na mtoto akitaka kuzungumza habari ya moto msimnyamazishe.

Sasa tuzungumze vizuri, maana wewe ni mtu wa hesabu na hesabu yako umeileta pungufu. Umenihesabia vipande vya mpira, umenihesabia fremu, umenihesabia dakika. Umepita mbio penye mambo mawili. Shemeji yako alikuomba siku tatu ukampa masaa tisa, na ukaniandikia hilo kama mtu anayejisifu. Mumeo alikwambia mara tatu kuna harufu, na mara tatu ukamwambia ni spiriti yako. Wewe unayemwambia mgonjwa "soma tena mstari wa chini," hukunusa tena hata mara moja. Gari lenye miaka arobaini na mitatu likinuka mafuta, mama, halibishaniwi. Linaegeshwa, linazimwa, watu wanashuka, betri inatolewa waya, ndipo mtu anatafuta harufu inatoka wapi. Spiriti kwenye chupa isiyokaza, juu ya injini, nayo ilikuwa na kazi gani kule?

Sikwambii haya ili nimsafishe Tayari. Yeye alikubali masaa tisa kwa kazi ya siku tatu, na angeweza kusema "sitaweza." Yeye ndiye aliyeandika "yote." Na kama mafundi wote kweli hawaugusi mpira wa tangi, basi mafundi wote waandike kwenye kadi "mipira minne kati ya mitano," tuone nani ataondoka amefurahi. Mpira ni mpira, unazeeka hata gizani, na petroli inaula kwa ndani ambako hakuna anayeuona. Hapo hana pa kujificha, na chini ya gari si pa kujificha.

Nakwambia haya kwa sababu ya mumeo. Umejiuliza kwa nini hajakutajia ile harufu hata mara moja tangu siku ya moto? Tayari amekutajia spiriti kwa hasira. Mumeo, aliyeinusa kwanza, aliyeungua, hajakutupia neno hilo. Mimi nadhani anajua kwamba siku mdogo wake akiulizwa "ulifanya nini," na mkewe ataulizwa "ulisema nini," na anaona heri wote wawili wasiulizwe. Anawafunika nyote kwa shuka moja. Ni mapenzi hayo, lakini shuka hilo ni fupi, miguu iliyobaki nje ni ya wajukuu wa mwalimu.

Kwa hiyo usianze na mwalimu, anza nyumbani, na uanze leo hii Alhamisi, ukimaliza tu kusoma. Mketishe mumeo na Tayari pamoja. Mtoto awe kwa bibi yake. Usiende na mfuko mkononi kama hakimu. Sema ya kwako kwanza: mimi nilimkimbiza fundi, mimi niliipuuza harufu. Ukishasema, nyamaza, waache walitafune. Ndipo umwambie shemeji kwamba gari la mwalimu halitoki Jumamosi. Injini ishushwe, kipande cha tano kibadilishwe, na kila kiungo kikazwe kwa klipu mpya. Ampigie mwalimu yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, amwambie, "Niliandika yote, haikuwa yote, nipe siku tatu." Mteja anayeambiwa hivyo hukasirika wiki moja. Anayeficha hupoteza gereji na hupoteza usingizi, na mengine siyaandiki.

Mpe hadi kesho Ijumaa, saa nne asubuhi. Saa nne na dakika moja, kama hajapiga, wewe uko njiani kwenda kwa mwalimu. Usimpelekee matusi ya fundi. Mpelekee ule mchoro wa yule mzee wenye vipande vitano, umwambie afungue mfuko wake ahesabu mwenyewe. Na hata Tayari akipiga simu, hakikisha mwalimu ameambiwa hivyo kweli, usitosheke na "tayari."

Ukiwa hapo mwambie mwalimu na haya, maana ndiyo yaliyokosekana kwenye gari lenu. Mtungi wa kuzimia moto ukae mbele, mkono wa dereva unapofika, na mwingine mlangoni. Ule wa nyuma juu ya injini ni pambo tu. Mtoto asipande kitandani gari likiwa linatembea, aketi mbele, mahali pake pa kukaa, na afunge mkanda. Mtungi wa gesi ufungwe kwenye koki yake kabla ya ufunguo kuwashwa. Moshi ukionekana, zima, toeni watu, rudini mbali, kisha pigeni simu. Mlango wa injini usifunguliwe wote: upepo ukiingia moto unapata nguvu, na mkono wa mumeo ndio ushahidi. Kama mtungi wa kuzimia uko mkononi na moto bado mdogo, unapulizwa kwenye upenyo wa mlango tu. Kama si mdogo, gari liachwe liungue. Na asirudi mtu ndani kuchukua kitu, hata kama ni daftari la macho ya watu elfu mbili.

Unauliza je, ndoa? Mume aliyesema "usinihesabu" akiwa na mkono wa bendeji na amelala juu ya godoro la mdogo wake hajasema neno la mwisho. Amesema neno la mtu aliyebanwa. Atanuna, na atanuna sana. Huenda mkalala kwa mama yako mzazi wiki mbili, tatu. Miwani ulianza na ufagio na mashine ya kutupwa, hujasahau namna ya kuanza. Lakini ukinyamaza, na Jumamosi likatokea la kutokea, hutaweza kumtazama mtu yeyote machoni, na macho ndiyo kazi yako.

Na kwa kuwa gazeti husomwa na wengi, nasema na wengine wawili. Fundi, kama umeketi juu ya tairi unasoma ukurasa huu, umemtolea shemeji yako godoro na mtoto wake umempa chai, kwa hiyo moyo unao. Inuka, chukua simu. Na wewe mwalimu mstaafu, au yeyote mwenye gari la zamani la kulala ndani lililotoka kwa fundi hivi karibuni: usiwashe kwanza. Fungua mfuko, kama ulipewa. Uliza injini ilishushwa au haikushushwa. Mtu akikujibu kwa kicheko, uliza tena.

Nimemaliza, mama. Kesho Ijumaa, saa nane mchana, nitakuwa kwenye meza yangu, na namba ya ofisi iko juu ya ukurasa huu. Utanipigia. Usinisalimie kwa kirefu, usinianzie habari za mumeo alivyonuna, hizo tutazungumza wiki nzima ukipenda. Nitakuuliza swali moja na nataka neno moja, kama wewe ulivyotaka kwangu: mwalimu anajua, au hajui?